Wakia Kumi na Sita za Chiku

Ijumaa, 25 Januari 1957

Nesi Bibiana, kwanza naomba radhi. Daftari hili ulinipa Jumatatu ya tarehe 14 na leo ndiyo kwanza nalifungua. Si kwa dharau. Siku za mwanzo sikuwa na kalamu, kisha Hatibu akaanza kuota meno, na siku zilizobaki niliona haya. Mtu akichelewa siku moja huomba radhi. Akichelewa kumi na moja hujificha.

Nilivyokuelewa ni hivi. Chiku ana miaka sita. Vidonda vya miguuni alivyokuwa navyo Desemba vimekauka lakini vimemwachia ugonjwa wa figo, ndiyo maana uso umejaa na ukimbonyeza muundi wa mguu kidole kinaacha shimo. Maji ni wakia kumi na sita kutwa kucha kwa kipimo cha kioo ulichonipa, yaani vikombe viwili vya bati, na uji na mchuzi vinahesabiwa humo humo. Chumvi hakuna. Haja ndogo nayo ipimwe. Mwisho wa Machi akiwa bado amevimba, daktari atamlaza wodini. Wodini mama halali, na mimi nina mtoto wa ziwa, Hatibu. Nimeelewa.

Leo: asubuhi baada ya kombe, uji wakia nne. Saa sita maji wakia tatu. Mchuzi wa mchana wakia mbili. Saa tisa maji tatu. Jioni nne. Jumla kumi na sita. Haja ndogo wakia saba, rangi ya chai ya rangi.

Jumamosi, 26 Januari

Kumi na sita. Joto.

Jumapili, 27 Januari

Leo wamekuja kumwangalia mgonjwa watu tisa na madafu kumi na manne. Nani atakwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu? Nimewakatia wao wenyewe, wakayanywa mbele ya mtoto hali anawatazama vidole vyao. Bi mmoja wa barabara ya pili aliniambia hajapata kuona nyumba ya Kiislamu inayomnyima mtoto maji. Nikamwambia hata mimi sijapata.

Kumi na sita. Haja ndogo sita.

Jumatatu, 28 Januari

Hospitali. Uzito wa Chiku ratili arobaini na mbili. Ulitazama safu za tarakimu tu, Nesi, hukusoma pembeni. Vizuri. Basi pembeni patakuwa pangu.

Jumanne, 29 Januari

Nesi amesema kiu ikimzidi apewe barafu amumunye, kwa kuwa hukaa mdomoni kuliko maji, ila nayo ihesabiwe: kikombe cha barafu ni nusu kikombe cha maji.

Nilinunua kipande kwa Manase wa mkokoteni, nikakivunja kwa mchi, nikajaza kikombe nikakiacha kiyeyuke nione. Kikombe cha wakia nane kimetoa wakia tano na kidogo, pamoja na vumbi la mbao wanalofunikia barafu. Nikasema labda nilikishindilia. Mara ya pili nikajaza kwa kulegeza: wakia nne na robo. Mara ya tatu Hatibu alikimwaga. Barafu ile ile, kikombe kile kile, mkono ule ule. Nusu ya nani, sasa?

Chiku alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti pamoja, anatazama. Akaniuliza kama hiyo niliyokuwa nikiipima ndiyo iliyokuwa yake. Sikufanya jaribio la nne. Nimempa vipande viwili, nimeandika wakia mbili.

Jumatano, 30 Januari

Kumi na sita, katika hizo tatu za barafu. Manase anasema tangu aanze kusukuma mkokoteni hajapata mteja anayemrudishia vumbi la mbao ili apunguziwe hesabu.

Ijumaa, 1 Februari

Je, chungwa ni maji? Sikumwuliza Nesi. Nimelikamua nusu: wakia moja na nusu. Nusu nyingine nimemnyima. Nimeila mimi, bafuni, mlango nimefunga. Nanyonyesha, kiu yangu ni ya watu wawili, na siku hizi nanywa maji kama mwizi.

Jumatatu, 4 Februari

Ratili arobaini na tatu. Imepanda.

Nesi aliniuliza kama napima kweli. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Ana saa kifuani, ana viatu vyeupe, na hana mtoto. Mtu asiye na mtoto kusema "mpimie tu, Mama Chiku" ni kazi nyepesi.

Nimepima. Naapa kwa macho yangu nimepima.

Jumanne, 5 Februari

Kumi na tano. Nimepunguza moja kwa hasira, na hasira si dawa. Kesho narudisha.

Ijumaa, 8 Februari

Kaskazi inachoma. Bati likilia mchana unadhani mtu anatembea juu ya paa. Chiku asubuhi baada ya kombe alilala tena mpaka saa nne. Kitambaa nilichomfutia uso alikinyonya. Nikakikamua, nikakisia alichonyonya: robo wakia. Nimeandika robo.

Mtaani wameshanipa jina. Naitwa Mama Kipimo.

Jumatatu, 11 Februari

Arobaini na tatu vile vile. Daktari mwenyewe alikuja, akambonyeza muundi, akalitazama lile shimo linavyokawia kurudi. Akasema mpaka mwisho wa mwezi ujao. Anakumbuka tarehe kuliko mimi.

Jumanne, 12 Februari

Kuna mtu anampa maji. Haiwezekani kumi na sita ziingie, zitoke saba, na mtoto azidi kujaa, ila kama kuna mkono. Leo nimewauliza wote. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkasi, alinawa mikono akaushika msahafu: hajampa mjukuu wake hata tone la maji nje ya kipimo changu. Namwamini. Mwanawe, Baba Chiku, yuko Maramba kwenye mashine za mkonge, anakuja kila baada ya wiki mbili, si yeye. Nyumba ina vyumba sita, na waliobaki wote wanafanya kazi kutwa, ila Dorkasi.

Jumatano, 13 Februari

Nitaandika yote, maana nisipoandika sitalala.

Dorkasi ni jirani yangu wa chumba cha mbele, Mbondei wa Muheza, mke wa karani wa reli. Mtungi wake wa maji uko nje ya mlango wake, kwenye kivuli. Leo saa nane nilitoka kuanua nepi nikamkuta Chiku amepiga magoti mbele ya ule mtungi, kidevu kinatiririka maji. Dorkasi yuko ndani anashona.

Sikumwuliza mtoto. Nilimwita Dorkasi nje, na maneno niliyomwambia sitayarudia yote. Nilimwambia huruma yake itanizikia mwanangu. Nilimwambia kama dini yake inamtuma kugawa maji, akagawe kanisani. Wapangaji wa nyumba ya pili walitoa vichwa dirishani.

Alinisikiliza, sindano mkononi. Kisha akasema, "Mama Chiku, mtungi wangu nimeufunika na juu nimeweka jiwe tangu Januari. Asubuhi nikitaka maji namwita mume wangu anisaidie kulinyanyua. Nimeliweka kwa ajili ya nani?"

Nikatazama. Jiwe lipo, la kusagia, kubwa. Chiku hawezi kulisogeza hata akiwa mzima. Nikamshika mtoto mkono nikaingia ndani, na hata hapo moyo haukunyooka, nikasema labda lile jiwe ameliweka leo.

Jioni nilimwuliza Chiku taratibu. Alikuwa akilamba jasho la mtungi. Mtungi wa udongo hutoa jasho kwa nje kukiwa na joto, nami sikuwa nimelifikiria. Nimeandika nusu wakia. Sijui kama ni nusu.

Alhamisi, 14 Februari

Kumi na sita. Dorkasi hakunisalimu.

Ijumaa, 15 Februari

Kumi na sita. Hakunisalimu. Nami sikustahili.

Jumatatu, 18 Februari

Ratili arobaini na tano. Macho ya Chiku leo ni mistari miwili. Nesi alifunga daftari akasema anakwenda nalo nyumbani alisome lote. Nikamwambia tarakimu zote ziko kwenye safu. Akasema anajua, anataka kusoma pembeni.

Nimerudi nyumbani kichwa kinaniwaka. Pembeni yote!

(Haya nimeyaandika kwenye karatasi ya kufungia sukari, nimeyanakili leo Jumatano. Siku mbili za bila daftari niliandika wakia kwa mkaa ukutani. Kumi na sita, kumi na sita.)

Jumatano, 20 Februari

Nesi Bibiana amekuja mwenyewe, kwa miguu, kwenye jua la saa nane. Nilimpa kiti, nikaona haya kumpa maji, nikaona haya zaidi kutompa. Alikunywa ndani ya chumba changu, mgongo kaupa mlango ili Chiku asione. Hapo nikaanza kumwona upya.

Alifungua daftari magotini. Alikuwa amezungushia neno moja kwa penseli nyekundu, kila nilipoliandika: kombe. "Asubuhi baada ya kombe, uji." "Baada ya kombe alilala." Akaniuliza kombe ni nini, na mtoto analinywa kwa kiasi gani.

Nilimweleza kama ninavyomweleza mgeni. Maalim Uweso wa chuoni huandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, sahani ikasuuzwa kwa maji, mgonjwa akanywa yale maji. Bi Mwanamkasi huyaleta kwenye chupa, na kila asubuhi na kila magharibi Chiku hupewa bakuli moja. Tangu alipougua.

"Bakuli lipi?" akauliza.

Nikalileta. Nikalijaza maji, nikamimina kwenye kipimo cha kioo, nikahesabu huku nasikia sauti yangu. Wakia sita. Mara mbili. Kumi na mbili.

Nikakaa chini sakafuni. Bi Mwanamkasi aliposhika msahafu hakusema uongo. Hakumpa maji, alimpa kombe. Na mimi je? Ni mimi ninayemshikia mtoto kichwa, ni mimi ninayemfuta mdomo, kisha nachukua kalamu naandika uji wakia nne. Nimepima barafu, nimepima chungwa, nimepima jasho la mtungi wa watu, na maji yaliyopita mkononi mwangu mara mbili kwa siku sikuyaona, kwa sababu kwetu sisi hayo si maji.

Nesi hakunicheka wala hakunikemea. Alisema hakatazi dawa ya mtu, anachotaka ni hesabu. Alipokwenda zake nilisoma alichoandika pembeni. Pale niliposema hana mtoto, ameandika kwa nyekundu: "Ninao wawili."

Alhamisi, 21 Februari

Nilimpelekea Dorkasi radhi yangu kabla sijanywa chai. Nilijiandaa kwa maneno marefu, nikasema mafupi tu kwamba nimekosa, na nani aliyekuwa akimpa mtoto maji: mimi. Alikuwa akikung'uta mkeka. Akasema, "Njoo unishikie upande huu." Tukaukung'uta. Kisha akasema maneno niliyomtupia aliyahesabu, ni mengi, na nisidhani radhi moja imeyatosha yote. Nikasema nitakuja tena kesho na nyingine. Hapo akacheka.

Ijumaa, 22 Februari

Kazi ngumu ilikuwa ndani. Bi Mwanamkasi juzi alikuwa nyuma ya pazia, alisikia kila kitu. Jana hakula. Leo hakula. Chupa ya kombe iko juu ya kabati, hakuigusa, na Chiku anauliza kwa nini.

Nilimtengea chai nikaketi naye mkekani. Akasema, "Basi mwuaji alikuwa mimi."

Nimekaa na mkwe huyu miaka saba. Ameniona nikikosea kukuna nazi, amenisema mbele ya wifi zangu, na sijapata kumwona macho yake yakiwa chini. Ningeweza kumwachia mzigo ule. Wengine wangeona nimeupata ushindi. Nikamwambia, "Mama, bakuli nilishika mimi. Wewe ulileta dawa, mimi nilipewa kalamu. Aliyekosa ni mwenye kalamu." Akasema mimi ni mtoto, sijui kitu. Nikamwambia ni kweli, lakini mtoto huyu leo hatatoka hapa mpaka chai iishe. Akanitazama. Akainywa.

Akauliza kama sasa nitaipima Kurani kwa kijiko. Nikasema nitakwenda kumwuliza anayeiandika.

Jumamosi, 23 Februari

Nilikwenda chuoni na Hatibu mgongoni na kipimo mkobani. Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Nilihofu Maalim Uweso atanifukuza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama daktari amesema maji yenyewe ndiyo yanayomdhuru. Nikasema ndiyo. "Basi tumeipakia dawa juu ya punda mkubwa mno," akasema. "Tutamtafutia mdogo." Akachukua kisahani cha kikombe, akachonga kalamu ya tete mpaka ikawa kama sindano, akaandika aya moja tu, mistari miembamba ya njano. Kisha akaomba kipimo changu. Akatia wakia moja, akakinyanyua usawa wa jicho, akapunguza tone, akatazama tena. Akasuuza. Alipomaliza hakukirudisha upesi kile kioo. Aliuliza kinapatikana wapi.

Kombe wakia moja, asubuhi tu. Uji wakia tatu. Jumla kumi na sita, na leo ni kumi na sita kweli.

Jumatatu, 25 Februari

Ratili arobaini na nne.

Jumatano, 27 Februari

Bi Mwanamkasi amekichukua kipimo. Hajui tarakimu, basi ametia kunde kumi na sita kwenye kikombe cha kahawa. Kila wakia ikiingia mtoto mwilini, kunde moja inahamia kikombe cha pili. Leo nilimpa Chiku mchuzi nikaandika mbili. Akasema ni mbili na nusu, aliona. Nikapima sufuriani upya. Mbili na nusu. Kunde moja ilipasuliwa kwa kisu.

Wageni wa madafu sasa hukutana naye mlangoni. Yule bi wa barabara ya pili amerudishwa na dafu lake hata hajavua viatu.

Ijumaa, 1 Machi

Haja ndogo wakia kumi na moja. Niliishika chupa juani kuitazama rangi, karani wa reli akapita akanisalimu, nikamwonyesha. Aliharakisha kwenda kazini.

Na la leo jingine. Chiku analalamika kombe sasa linakwisha kabla halijafika kooni. Bi Mwanamkasi alisikia, akajitanda kanga, akachukua kikopo kidogo chenye ile wakia moja, akaenda kwa miguu mpaka kiwanda cha barafu. Manase ndiye aliyenisimulia, maana alikuwa pale anapakia. Msimamizi alimwuliza kikopo kina nini. Akamjibu, "Aya ya Kurani. Kiweke wima." Nao wakakitundika pamoja na makopo yao makubwa, naye akakaa juu ya gunia akingoja mpaka kikaganda.

Amerudi nacho kimefungwa ndani ya vumbi la mbao na kanga mbili. Chiku amelimumunya kombe la barafu kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Njano mdomo wote. Wakia moja.

Jumatatu, 4 Machi

Arobaini na mbili.

Jumanne, 5 Machi

Kumi na sita. Hatibu ametoa jino.

Jumatatu, 11 Machi

Arobaini. Macho yake yamerudi, yote mawili. Baba Chiku alikuwepo tangu Jumamosi. Alimkuta mama yake na mimi tunabishana juu ya robo wakia, akatoka akaenda kukaa barazani na karani.

Alhamisi, 14 Machi

Haja ndogo wakia kumi na saba. Imezidi iliyoingia. Nilimwita Dorkasi aje aone, akaja, na sindano yake.

Jumatatu, 18 Machi

Thelathini na nane. Nesi alitabasamu na saa yake kifuani. Imebaki Jumatatu moja tu ya kupimwa.

Ijumaa, 22 Machi

Kumi na sita. Mvua ya kwanza ya masika, matone makubwa. Bi Mwanamkasi alimshika Chiku mdomo kwa kiganja mpaka wakaingia ndani.

Jumatatu, 25 Machi

Thelathini na saba. Daktari alimbonyeza muundi wa kulia, akambonyeza wa kushoto, kidole hakikuacha kitu. Akasema wodi haitakiwi tena. Akasema anywe kwa kadiri ya kiu yake.

Nyumbani nilijaza kikombe cha bati mpaka ukingoni, nikampa. Nilikuwa nimeingoja saa hii tangu Januari. Nilidhani atakunywa mpaka apaliwe. Akanywa mafunda matatu, akanirudishia, akauliza amebakiza ngapi. Nikamwambia leo hakuna kubakiza. Akanitazama kama niliyesema uongo, kisha akakimbilia uani mvuani, na safari hii bibi yake akamwacha.

Nilipima yaliyobaki. Wakia tano. Nimeandika, sijui ya nini.

Alhamisi, 28 Machi

Nesi Bibiana, daftari hili analileta Dorkasi, anayekwenda hospitali asubuhi hii. Safari hii soma pembeni kwanza.

Wakati wa kumwogesha Hatibu nimeona vidonda vitatu vidogo kwenye mguu wa kushoto, vya maji maji, mfano wa vile vya Chiku mwezi wa Desemba. Vile vya Chiku nilivitia majivu nikasubiri vikauke. Sisubiri tena, na mvua hii imenifungia ndani na watoto wawili, barabara yetu ni tope hadi magotini. Mpe Dorkasi vitu hivi, ameleta kikapu:

Dawa ya vidonda, ile ya zambarau, chupa mbili. Moja ni ya Hatibu, moja ya vidonda vyovyote vya mtoto yeyote wa nyumba hii.

Pamba, furushi moja.

Bandeji nyembamba nne, za mguu wa mtoto wa miezi kumi.

Sabuni ya dawa, vipande vitatu. Kimoja cha Dorkasi, ana wapwa wanakuja kutoka Muheza.

Kipimo cha kioo kimoja, kipya. Cha kwanza Bi Mwanamkasi hakitoi.

Na jibu kwa penseli yako nyekundu, hapa chini, nimekuachia nafasi: haja ndogo ya Hatibu nianze kuipima leo, au nisubiri uione miguu yake Jumatatu?